Runinga Isipowaka: Kutafuta Hitilafu ya Umeme Kuanzia Ukutani hadi kwa Fundi

Runinga, king'amuzi, redio na sabufa ni vifaa vinavyogharimu kaya nyingi akiba ya miezi kadhaa. Kifaa kimojawapo kinapokataa kuwaka, mwenye nacho hukabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni kupoteza fedha kwa kulipia matengenezo yasiyohitajika, au kutupa kifaa ambacho kingeponywa kwa gharama ndogo. Ya pili ni kupoteza maisha kwa kukifungua bila kujua kilichomo ndani. Somo hili linamwongoza mlaji aepuke zote mbili. Tunaeleza namna ya kutafuta hitilafu kwa mpangilio, mahali ambapo mlaji anapaswa kukoma, na mambo ya kudai kutoka kwa fundi.

Kanuni yetu ni moja: hitilafu itafutwe kutoka ukutani kuelekea ndani ya kifaa, hatua kwa hatua, na asiachwe nyuma yeyote kati ya wanaoshukiwa. Anayeanza na bisibisi ameanzia mwisho.

Kazi ya pawa saplai

Umeme unaoingia majumbani mwetu ni wa volti 230, nao hubadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde. Saketi za runinga haziwezi kuutumia ukiwa hivyo. Zinahitaji umeme mdogo uendao upande mmoja: volti 5 kwa taa ya kusubiri na kipokezi cha rimoti, volti 12 au 24 kwa bodi kuu na spika, na kiwango kingine kwa taa zinazomulika kioo kutoka nyuma. Kazi ya kuubadilisha hufanywa na sehemu ambayo mafundi huiita pawa saplai.

Ndani ya pawa saplai umeme hupita kwanza kwenye fyuzi, kisha kwenye diodi zinazounyoosha, halafu huhifadhiwa katika kapasita moja kubwa. Hapo hufikia takribani volti 325 za mkondo mnyoofu, na katika runinga nyingi kubwa hukaribia volti 400. Baada ya hapo transista huukatakata kwa kasi kubwa, transfoma ndogo huupunguza, na kapasita nyingine huulainisha kabla haujagawiwa kwa sehemu zinazouhitaji.

Sehemu hii ndiyo inayopokea misukosuko yote ya umeme wa nyumbani, na ndiyo yenye joto jingi. Kwa hiyo si ajabu kwamba huharibika mapema kuliko bodi nyingine. La kumtia moyo mlaji ni kwamba mara nyingi hutengenezeka, na vipuri vyake vingi ni vya bei ndogo.

Mpaka wa mlaji ni skrubu

Kabla ya hatua yoyote, tunasisitiza jambo hili. Kapasita kubwa tuliyoitaja inaweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, hasa pale hitilafu yenyewe inapozuia umeme huo kuisha. Kwa hiyo, mtu aliyechomoa plagi na kufungua kifuniko bado anaweza kurushwa na umeme. Runinga za zamani zenye kioo kinene zina hatari kubwa zaidi, kwa kuwa bomba lake la picha huhifadhi maelfu ya volti.

Mlaji asifungue skrubu hata moja. Kila hatua tunayoieleza hapa chini hufanyika nje ya kifaa, nayo inatosha kubainisha hitilafu nyingi za kawaida.

Hatua za kufuata nyumbani

1. *Ipimwe soketi.* Chomeka taa ya mezani au chaja ya simu katika soketi ileile. Isipowaka, tatizo si la runinga. Angalia swichi ya soketi, swichi kuu ya nyumba, na salio la umeme kwenye mita ya LUKU. Ikiwa soketi ina joto, ina weusi au inatoa harufu ya plastiki iliyoungua, isitumike tena hadi fundi umeme mwenye leseni aitazame.

2. *Iondolewe ekstensheni.* Chomeka kifaa moja kwa moja ukutani. Ekstensheni nyingi za bei nafuu zina vibati dhaifu ambavyo hulegea haraka. Taa ya ekstensheni kuwaka hakuthibitishi kwamba kila tundu lake linapitisha umeme vyema.

3. *Itazamwe fyuzi ya plagi.* Plagi ya pini tatu bapa huwa na fyuzi ndogo ndani yake. Chomoa plagi ukutani, toa fyuzi, na uweke nyingine yenye ampea zilezile zilizoandikwa juu yake. Kwa runinga kwa kawaida ni ampea 3 au 5. Kuweka fyuzi ya ampea 13 mahali pa 3, au kuzungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ni kuondoa ulinzi na kuualika moto.

4. *Utazamwe waya.* Waya wa runinga nyingi huchomoka pia upande wa kifaa. Uchomoe na kuusukuma tena hadi ukae vizuri. Ukiwa umeliwa na panya, umebanwa na mguu wa kabati au umefungwa kwa gundi ya karatasi, ubadilishwe kwa waya mwingine mzima wa aina ileile.

5. *Ipimwe adapta.* Ving'amuzi vingi, na baadhi ya runinga ndogo, hupata umeme kupitia adapta iliyo nje. Adapta hufa mara nyingi kuliko kifaa chenyewe, na hiyo ni bahati kwa mlaji, kwa sababu inabadilishwa bila kufungua chochote. Azima adapta ya jirani inayofanana na ujaribu. Volti ziwe zilezile. Ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Na alama ya jumlisha na kutoa iliyochorwa kwenye lebo ifanane. Adapta dhaifu inaweza kuonyesha volti 12 kamili kwenye kipimo ikiwa haina mzigo, kisha ikaporomoka mara king'amuzi kinapowashwa. Kwa sababu hiyo jaribio la kubadilishana ni bora kuliko kipimo.

6. *Kifaa kipumzishwe.* Chomoa plagi kwa dakika 5. Ikiwa kifaa kina kitufe chake cha kuwashia, kibonyeze kwa sekunde 30 wakati plagi iko nje, kisha chomeka tena. Runinga na ving'amuzi vya siku hizi vina kompyuta ndogo ndani, nazo huweza kukwama baada ya umeme kukatika ghafla.

7. *Iondolewe rimoti katika washukiwa.* Washa kwa kitufe cha kifaa chenyewe. Kikiwaka, hitilafu iko kwenye rimoti au betri zake. Elekeza rimoti kwenye kamera ya simu na ubonyeze kitufe: kamera nyingi huonyesha mwanga mdogo ambao macho hayauoni. Usipoonekana hata baada ya kuweka betri mpya, rimoti ndiyo mbovu.

8. *Zichomolewe nyaya nyingine zote.* Ondoa antena, waya wa dishi, king'amuzi, flashi na spika, kisha washa kifaa kikiwa peke yake. Waya wa spika wenye shoti huifanya amplifaya ijizime ili kujilinda, na mwenye nayo hudhani pawa saplai imekufa.

Kusoma dalili

Hatua hizo zikikamilika na kifaa bado kina tatizo, dalili zake zinaeleza mengi. Tunamshauri mlaji aziandike, kwani maelezo mazuri humwokolea fundi muda na mwenye kifaa fedha.

*Hakuna taa yoyote.* Umeme hauingii, au fyuzi ya ndani imekatika. Fyuzi ya ndani haikatiki bila sababu. Kwa kawaida kuna kipuri kilichopata shoti nyuma yake.

*Taa nyekundu inawaka lakini runinga haifunguki, au taa inakonyeza.* Volti za kusubiri zipo, lakini umeme mwingine haupatikani, au kifaa kimegundua kasoro na kujizuia. Hesabu mikonyezo kabla ya kila kituo. Katika runinga nyingi idadi hiyo ni ishara inayomwelekeza fundi mahali pa kuanzia.

*Inawaka baada ya kujaribiwa mara nyingi, na kila wiki huchukua muda mrefu zaidi.* Hii ni dalili maarufu ya kapasita zilizochoka. Kapasita hizi zina majimaji ndani, nayo hukauka kwa joto. Kila joto linapopungua kwa nyuzi 10, umri wa kapasita hukaribia kuongezeka maradufu. Ndiyo maana runinga iliyobanwa kabatini haidumu.

*Sauti ipo, picha haipo.* Zima taa za chumba na umulike kioo kwa tochi kwa pembeni. Ukiona picha kwa mbali, taa za nyuma ya kioo au umeme wake ndio wenye kasoro, na kioo chenyewe kinaonyesha kuwa kinafanya kazi. Jaribio hili moja linaweza kumwepusha mlaji na maneno kwamba kioo kimekufa.

*Mvumo mzito kwenye spika.* Punguza sauti hadi mwisho. Mvumo ukibaki, chomoa waya wa antena na nyaya za vifaa vingine. Ukitoweka, unatokana na maungano kati ya vifaa. Ukiendelea kifaa kikiwa peke yake, kapasita za pawa saplai zinashukiwa.

*Moshi, harufu ya kuungua au mlio wa kupasuka.* Zima swichi ya soketi mara moja na uchomoe plagi, usijaribu kuwasha tena hata mara moja. Ikiwa moto umeshika, zima swichi kuu, usimwage maji, watoe watu nje na upige simu ya zimamoto namba 114.

Vifaa vilivyotumika kutoka nje

Katika masoko yetu, hasa Zanzibar na Dar es Salaam, huuzwa redio, amplifaya na runinga zilizotumika nchi za nje. Japani hutumia volti 100 na Marekani volti 120. Kifaa kilichotengenezwa kwa volti 100 pekee kikichomekwa kwenye volti 230 huungua pawa saplai mara moja.

Kwa hiyo isomwe lebo ya nyuma kabla ya kulipa. Ikiwa imeandikwa 100–240V, kifaa kinafaa popote. Ikiwa imeandikwa 100V au 120V tu, kinahitaji transfoma ya kupunguza umeme yenye wati zinazozidi mahitaji yake, na gharama ya transfoma hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya bei. Kuchomekwa dukani kupitia transfoma ya muuzaji hakumaanishi kwamba kitawaka salama nyumbani.

Chanzo kisipoondolewa, ugonjwa hurudi

Pawa saplai iliyotengenezwa vizuri itaungua tena ikirudishwa katika mazingira yaleyale. Mlaji na ajiulize kifaa kiliharibika katika hali gani.

*Baada ya umeme kukatika na kurudi.* Umeme unaporudi unaweza kuyumba kwa muda. Chomoa vifaa mara umeme unapokatika, na subiri dakika chache baada ya kurudi kabla ya kuvichomeka. Kifaa cha ulinzi kinachokaa kati ya soketi na runinga husaidia, ilimradi kina alama ya ubora ya TBS na hakijazidiwa mzigo.

*Wakati wa radi.* Msukumo wa radi hupita kwenye waya wa antena na dishi kama upitavyo kwenye waya wa umeme. Kuchomoa plagi peke yake ni nusu ya ulinzi. Nyaya zote mbili zichomolewe kabla radi haijakaribia, si wakati imeshaanza kupiga jirani.

*Taa za nyumba zilipong'aa kupita kiasi.* Hii ni dalili ya hatari ambayo wengi huipuuza. Ikiwa baadhi ya taa zinang'aa mno na nyingine zinafifia, au balbu kadhaa zinaungua kwa pamoja, huenda waya wa nyutro umekatika au umelegea, na volti zinazoingia zimepanda mno. Zima swichi kuu papo hapo na utoe taarifa TANESCO, au ZECO kwa walio Zanzibar. Kubadilisha pawa saplai kabla ya nyutro kurekebishwa ni kununua hasara ya pili.

*Bila tukio lolote.* Mara nyingi ni joto, vumbi, unyevu wa chumvi kwa walio pwani, au wadudu. Mende na mijusi hupenda joto la pawa saplai, nao wakigusa njia mbili za umeme huleta shoti. Kifaa kiachiwe nafasi ya kupumua pande zote, kisifunikwe kitambaa kikiwa kinafanya kazi, na kisiwekewe chombo cha maji juu yake.

Unapofika kwa fundi

Ikiwa muda wa dhamana haujaisha, kifaa kirudishwe kwa muuzaji pamoja na risiti, kabla fundi mwingine hajakigusa. Kukifungua mtaani kunaweza kumpa muuzaji sababu ya kukataa wajibu wake.

Dhamana ikiwa imeisha, mlaji hana haja ya kuwa mtaalamu ili amtambue fundi makini. Fundi makini huuliza kwanza kilichotokea. Hupima kabla ya kutaja kipuri. Huondoa umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa kwa njia salama kabla ya kuitia mikono. Akikuta fyuzi ya ndani imekatika, hatabadilisha fyuzi na kuwasha papo hapo. Atatafuta shoti, na wengi huwasha kwa mara ya kwanza kupitia balbu iliyounganishwa katika njia ya umeme ili, shoti ikiwepo, iwake balbu badala ya kuungua vipuri vipya. Kapasita akizibadilisha, mpya huwa na ujazo uleule, volti sawa au zaidi, na uwezo wa kuhimili joto usiopungua ule wa awali.

Tunamshauri mlaji adai mambo haya:

– Aelezwe hitilafu na bei kabla kazi haijaanza, na bei isibadilike bila idhini yake.

– Aulize kama kinachobadilishwa ni kipuri kimoja au bodi nzima, na kwa nini. Bodi nzima inafaa pale ilipoungua vibaya, lakini kapasita mbili zilizovimba si sababu ya kuitupa. Bodi ikibadilishwa, namba yake ilingane na ya awali.

– Arudishiwe vipuri vilivyotolewa.

– Apewe risiti yenye namba ya kifaa, kazi iliyofanyika na muda wa dhamana ya kazi hiyo.

– Fyuzi isiungwe kwa waya, na kipuri cha kuzuia umeme mkubwa kisiondolewe moja kwa moja ili kifaa kiwake. Kifaa kitawaka kweli, lakini kikipata hitilafu tena, kinachofuata kuungua kinaweza kuwa nyumba.

– Kijaribiwe mbele yake kwa muda usiopungua nusu saa, kwa sababu kasoro nyingi za pawa saplai hujitokeza kifaa kinapopata joto.

Mlaji akidhulumiwa

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya au kumpotosha mlaji katika biashara. Fundi anayetoza bodi mpya huku akiwa amebadilisha kapasita moja, au muuzaji anayeficha kwamba kifaa ni cha volti 100, hana kinga ya kusema kwamba mteja hakuuliza. Malalamiko yaanze kwa mhusika mwenyewe, kwa maandishi, yakiambatana na risiti. Yasipopata jibu la haki yafikishwe Tume ya Ushindani.

Pale uharibifu unapotokana na umeme wenyewe, taarifa itolewe mapema kwa mtoa huduma, na mlalamikaji aombe namba ya taarifa. Aandike tarehe, saa na majirani walioathirika, na ahifadhi vipuri vilivyoungua pamoja na maelezo ya fundi. Dai lisilo na ushahidi ni gumu kulisimamia. Asiporidhika na majibu ya TANESCO, anaweza kulipeleka shauri lake EWURA. Kwa Zanzibar, mamlaka husika ni ZURA.

Kutengeneza au kununua kingine

Kioo kikiwa kimepasuka, kwa kawaida gharama hukaribia ya runinga nyingine. Pawa saplai peke yake ikiwa mbovu, kutengeneza ndiko kunakofaa katika hali nyingi. Ikiwa kifaa hakitengenezeki, kisichomwe moto wala kutupwa shimoni, kwa sababu bodi zake zina risasi na sumu nyingine. Kimpelekee fundi anayekusanya vipuri, au mnunuzi wa taka za kielektroniki.

Mlaji aliyefuata hatua hizi atafika kwa fundi akiwa anajua soketi ni nzima, waya ni mzima, adapta imejaribiwa, na dalili zimeandikwa. Hapo atalipia tu kazi ambayo yeye mwenyewe hawezi wala hapaswi kuifanya.